Presha ya Baba, Moto wa Chuma

Kwetu Isiolo, ukisema unasomea presha, watu wanakuonyesha miguu iliyovimba. Nilijifunza hivyo wiki ya kwanza niliporudi nyumbani kumuuguza baba. Mama alikuwa amewaambia majirani kwamba binti yake yuko chuo kikuu Nairobi, anasoma mambo ya presha na kondakta. Jirani mmoja akaja asubuhi na dawa zake ndani ya mfuko, akazimwaga mkekani, akaniomba nimwonyeshe ya asubuhi ni ipi na ya jioni ni ipi. Mwingine aliuliza kwa upole kama siku hizi ukondakta unasomewa mpaka digrii ya pili, maana kaka yake amening'inia mlangoni mwa gari miaka kumi bila cheti. Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Mimi pia nilicheka. Kisha nikamsomea yule jirani wa dawa maandishi ya kwenye pakiti zake, moja moja, kwa sababu hakuna aliyekuwa amemsomea.

Presha iliyomwangusha baba ilikuwa hiyo ya hospitali. Baba yangu ni mhunzi. Alikuwa amesimama karakanani, nyundo mkononi, akaanguka bila sauti upande wa kulia, na alipozinduka upande huo haukuwa wake tena. Nilikuja kwa wiki mbili. Nilibeba begi moja na kijisanduku cha plastiki chenye vipande vitatu vya fuwele, kila kimoja kidogo kuliko punje ya mchele, kwa sababu sikutaka kuviacha kwenye droo ya maabara ambayo kila mtu ana ufunguo wake. Wiki mbili zikawa miezi kumi na minne.

Acha nieleze vile vipande ni nini, polepole, maana si jambo gumu likielezwa vizuri. Ukigusa chaja ya simu inayofanya kazi utaona ina joto. Joto hilo ni umeme unaopotea njiani, kwa sababu waya unaukwaza umeme unapopita. Kuna vitu ambavyo vikipozwa sana, kufikia karibu na ile baridi ya mwisho ambayo hakuna baridi zaidi yake, vinaacha kabisa kuukwaza umeme. Umeme ukianza kuzunguka ndani yake unazunguka tu, haupotei. Vitu hivyo tunaviita superkondakta. Kwa muda mrefu wataalamu waliamini kwamba chuma ni adui wa hali hiyo, kwa sababu ya usumaku wake. Baadaye ikaonekana kwamba chuma kikiozwa, kama bibi harusi, kwa vitu fulani kinaweza. Changu kilikuwa kimeozwa kwa seleniamu na teluriamu, kikakua kwa matabaka, kama chapati iliyokunjwa vizuri.

Shida ni hii: wakati wa kupika fuwele, chuma kidogo cha ziada hubaki katikati ya matabaka. Hakina kazi pale, wala hakina pa kutokea. Ni kidogo mno, lakini kinatosha kuharibu kila kitu. Ukikitazama kipande kinang'aa kama kioo. Ukikipima, bado kinaukwaza umeme.

Dawa ziko mbili. Ya kwanza ni joto. Unakiweka kipande kwenye moto wa kiasi, katika hewa ya kawaida, kama saa mbili. Hewa iliyo juu yake inakiita kile chuma cha ziada, nacho kinatoka taratibu mpaka nje, kinabaki juu kama kutu nyembamba. Moto ukipungua, chuma hakisogei. Moto ukizidi, matabaka yenyewe yanaharibika. Dawa ya pili ni presha, yaani mgandamizo. Unakibana kipande katikati ya ncha za almasi mbili. Kuna fuwele iliyo ndugu ya hii yangu, ya chuma na seleniamu peke yake, ambayo ikibanwa hivyo inaacha kuukwaza umeme katika baridi isiyo kali sana kama ya awali, tofauti ya karibu mara nne. Ukiendelea kuibana zaidi, faida hiyo inapotea. Nairobi nilipenda kuwaambia wanafunzi wa mwaka wa kwanza kwamba kuna vitu hufunguka vikibanwa. Isiolo niliacha kuisema sentensi hiyo.

Kwa sababu maisha yangu yalikuwa yamepungua upana. Alfajiri namgeuza baba, namwosha, namnywesha uji. Nakimbia shule ya sekondari ambako nilipata vipindi vya fizikia, saa nne narudi kumgeuza tena, nakimbia tena darasani. Magoti ya mama hayawezi kuinua mtu. Kaka yangu yuko ng'ambo ya Merti na mifugo, mahali ambapo simu haishiki, na majibu yake hutufikia kwa midomo ya madereva wa malori. Alisema atakuja mvua ikinyesha. Mvua ilinyesha, akaifuata mbele zaidi na ng'ombe wake. Dirisha la darasa langu linatazama barabara kuu, na nikaanza kuyajua mabasi ya Nairobi kwa honi zake bila kuinua macho kutoka ubaoni.

Tena kulikuwa na hili, ambalo sikumwambia mtu. Mimi nilikwenda kusoma ili niondoke kwenye chuma. Watu wetu hununua visu kwa mhunzi, na akisema salaam aleikum wanamjibu vizuri, lakini Kiborana kina neno lake la mhunzi, na kuna namna ya kulitamka inayolifanya liwe tusi. Nililisikia hivyo nikiwa darasa la tatu. Nikasoma hadi nikafika mbali, nikafungua mlango wa mwisho wa maabara, na ndani yake kulikuwa na chuma.

Kiharusi kilimnyang'anya baba mwanzo wa maneno. Kila akivuta pumzi kusema, silabi ya kwanza humezwa, inayobaki hutoka. "Nataka" ikawa "taka", na "sitaki" ikawa "taki". Mwanzoni mama alimpa chai kila aliposema "taki", naye akaitema, na mama akalia akidhani amemchukia. Mimi ndiye niliyegundua kwamba Kiswahili kina huruma yake: kitenzi cha kukataa mara nyingi hugeuza mkia pia. Nikamfundisha mama asikilize irabu ya mwisho. Ikiwa "a", mpe. Ikiwa "i", ondoa. Tangu siku hiyo nyumba ilitulia, na nikajiona mtu mwerevu sana.

Mwalimu wangu wa chuo alinipigia simu Jumatatu moja. Mwenzake angesafiri Jumamosi kwenda maabara ya ng'ambo yenye vifaa vya ile baridi kali, na alikuwa tayari kubeba vipande vyangu vikapimwe huko. Lakini lazima viwe vimeshapitishwa motoni. Idara ilikuwa imeniongezea muda mara mbili. Safari hii nisipokuwa na kipande kinachofanya kazi, jina langu lingefutwa, na faili ifungwe. Alisema kwa huruma, na huruma yake ndiyo iliyonitisha.

Shuleni tulikuwa na tanuri dogo la umeme la maonyesho. Jumanne wakati wa chakula cha mchana nikaweka kipande cha kwanza ndani, nikapanga digrii mia mbili na sabini. Nusu saa baadaye stima ikapotea. Ikarudi kwa kishindo, balbu mbili zikapasuka, na lile tanuri likapanda moto bila breki. Nilipolifungua, kipande changu kilikuwa unga wa kijivu. Kisha stima ikapotea tena, na fundi akasema transfoma imeungua, tusubiri wiki ijayo. Kifurushi kilitakiwa kupanda basi la Alhamisi. Nilibaki na vipande viwili na siku moja.

Jumatano nilikaa kwenye kizingiti cha karakana, simu yangu imezimika, nikimweleza baba. Nilikuwa na desturi hiyo, kumweleza kila kitu kama darasa, kwa sababu macho yake yalikuwa yanasikiliza. Alikuwa kwenye kiti chake kando ya tanuri la mkaa ambalo halikuwa limewashwa tangu aanguke. Nikamwambia nahitaji moto wa saa mbili, moto usiokifanya chuma kiwe chekundu. Anaujua ule unaoyeyusha risasi? Basi chini ya huo, lakini si chini sana.

Akacheka kwa nusu ya mdomo. Mkono wake mzima ukaonyesha kipande cha msumeno kuukuu kilichoning'inia ukutani.

Hapo nikakumbuka. Chuma kigumu kilichosuguliwa kwa msasa mpaka king'ae, ukikipasha moto, hubadilika rangi mapema sana kabla ya kuwa chekundu. Kwanza kinakuwa manjano kama chai ya rangi iliyochujwa, kisha hudhurungi, kisha zambarau, kisha buluu, mwisho kijivu. Kila rangi ni kiasi chake cha joto. Baba hakuwahi kuziita kwa majina ya dukani. Aliziita kwa rangi za ng'ombe, kama baba yake. Ile hudhurungi inayoelekea zambarau aliiita magala, na ile buluu inayogeuka kijivu aliiita dalacha. Kisu cha kuchinja kinatolewa motoni kikiwa magala. Patasi inasubiri dalacha. Nilikuwa nimekulia kando ya kipimajoto bila kujua.

"Baba, yangu ni rangi gani?" nikamuuliza.

Akakusanya mdomo. "Dalacha," akasema.

Midomo yake ilikuwa bado inatafuta neno la pili, lakini mimi nilikuwa nimeshasimama. Mimi ninayengoja dakika tano nzima mwanafunzi wa mwisho afike kwenye jibu sikumngojea baba yangu neno moja.

Niliwasha mkaa, nikauacha uwake hadi ukatulia, nikaufunika kwa jivu. Nilisogeza kiti cha baba upande upepo unakotoka, kwa sababu seleniamu si kitu cha kuvutwa. Kipande cha pili nikakiweka ndani ya mkebe wa chuma wenye tundu juu, kipande cha msumeno kikiwa ubavuni mwake, nikaulaza mkebe juu ya jivu. Msumeno ukawa manjano, ukawa hudhurungi, ukapita magala, ukafika dalacha. Nikaushikilia hapo, nikiongeza kaa moja moja.

Baba alianza kugonga mkono wa kiti. Nilidhani amefurahi. Zamani alikuwa akigonga hivyo, pigo moja kubwa na mawili madogo, kazi ikienda vizuri. Nikamtabasamia nikaendelea. Akagonga kwa nguvu zaidi. Nikamwambia, "Tulia baba, iko dalacha sawasawa." Karibu saa nzima ilipita hivyo, mimi nikimtabasamia, yeye akigonga, mpaka machozi yakamtoka jicho la kulia ambalo halifungi vizuri, na akaitoa sauti kutoka chini kabisa ya kifua.

"Lacha… taki."

Taki. Mkia wake ulikuwa "i".

Sitaki dalacha. Na lile jibu lake la kwanza? Nikauondoa mkebe motoni. Alikuwa amesema "si dalacha", na "si" ikamezwa kama mianzo yote. Nomino haina mkia wa kukataa. "Dalacha" tupu katika mdomo wake ingetoka "lacha", na mimi niliyemfundisha mama kanuni ile sikuwahi kujiuliza kanuni inaishia wapi.

Nikapiga magoti mbele ya kiti chake. Nikamwomba radhi. Nikamwambia sasa aseme yote, nitangoja hata kama ni mpaka adhuhuri.

Alitafuta muda mrefu. Mama alitoka jikoni akasimama mlangoni na mwiko mkononi.

"Gala," akasema hatimaye.

"Magala?"

Akafumba macho kuonyesha ndiyo, halafu akasema polepole, kama mtu anayemsamehe mwanafunzi mzito, "Lacha… sasi." Risasi. Kwamba moto wa dalacha ndio jirani wa risasi inayoyeyuka. Mimi nilikuwa nimesema chini ya huo.

"Huyu msichana amesoma mpaka masikio yamejaa," mama akasema, akarudi jikoni.

Kipande cha tatu tulikichoma wawili. Yeye aliongoza kwa kidole na mimi nikashika koleo. Kidole kikishuka, naongeza jivu. Kikipanda, natafuta kaa. Kwanza alinifanya nisugue vipande vitano vya msumeno na kuvipanga. Sikuelewa mpaka cha kwanza kilipofika magala akaniashiria nikitoe niweke kipya. Rangi hairudi nyuma. Inakumbuka moto mkubwa kuliko yote iliouonja na kukaa hapo, hata moto ukishapungua. Ukitaka kujua moto wa sasa, uliza chuma ambacho hakijaulizwa bado. Nimesoma vitabu vingi vya kupima joto, na sijawahi kukutana na maelezo mazuri kuliko kile kidole.

Saa mbili zilipotimia nikataka kuuondoa mkebe. Akasema, "Laze." Kilaze. Hivyo ndivyo alivyoita kukiacha chuma kipoe ndani ya jivu, kukilaza, na alisisitiza hivyo hata kwa kitu kidogo kuliko punje ya mchele. Tukakilaza. Nikamgeuza baba, nikamnywesha uji, nikarudi darasani nikiwa na jivu kwenye nyusi, na wanafunzi wakaniuliza kama ile transfoma nilikuwa naitengeneza mimi.

Alhamisi nilituma vyote viwili. Juu ya bahasha moja niliandika "dalacha", juu ya nyingine "magala", kwa sababu sikuwa na majina mengine ya kweli. Kwa macho vilikuwa sawa kabisa.

Zilifuata wiki tatu. Sitaki kuzipamba. Nilifundisha, nilimgeuza baba, nilisikiliza honi. Nilianza kupiga mahesabu ya maisha bila chuo, nikayakuta yanakubali, na hilo ndilo lililonitia hofu kuliko kukataliwa. Mtu anaweza kuizoea nafasi ndogo mpaka akaona ndiyo umbo lake. Jioni moja mama aliniambia nimeanza kuongea mianzo ya maneno kwa sauti kubwa sana, kama mtu anayezungumza na watu wote wasiosikia vizuri.

Majibu yalikuja wakati wa mapumziko ya saa nne, picha mbili kwenye simu. Nilizifungua nikiwa nimeegemea ukuta wa maabara. Mstari wa dalacha ulianza kushuka, ukasita, ukakataa. Haukufika chini. Mstari wa magala ulikuja umenyooka kutoka kwenye joto, ukatelemka taratibu, na ulipofika digrii kama kumi na nne juu ya ile baridi ya mwisho, ukaanguka wima mpaka sufuri, ukabaki hapo.

Nilikaa chini kwenye saruji. Mwanafunzi mmoja wa kike akauliza kama mwalimu ana presha. Nikamwambia ndiyo, lakini ile nzuri.

Mwalimu wangu alipiga simu mwenyewe. Alitaka kujua nimetumia tanuri gani lenye kutulia hivyo. Akasema kile kilichoharibika ni cha thamani pia, kwa sababu kinaonyesha ukingo uko wapi. Jina langu halitafutwa. Nije Nairobi Jumatano na Alhamisi kujieleza mbele ya jopo, kisha kipande cha magala kitabanwa kati ya almasi, tuone mgandamizo utakifanya nini baada ya moto.

Siku mbili. Kwa watu wengine ni kitu kidogo. Nilimtuma dereva wa lori kwa kaka yangu, akarudi na salamu tu. Aliyenifungua alikuwa yule jirani wa dawa. Alikuja na binti zake wawili wenye mikono ya kuchota maji, wakajifunza kwangu namna ya kumgeuza mtu bila kumwumiza bega, na yeye mwenyewe akasema, "Wewe mwalimu wa presha, nenda kabla sijabadilisha mawazo."

Ilibaki kumwambia baba. Nilikuwa nimeliahirisha hilo kwa wiki nzima. Alikuwa karakanani, kwenye kiti chake. Nikamweleza mistari yote miwili, nikaichora mavumbini kwa msumari, ule uliokataa na ule ulioanguka. Aliutazama sana ule ulioanguka. Nikamwambia basi ni la kesho asubuhi, na kwamba nitarudi Ijumaa.

Akakusanya mdomo.

"Siende," akasema.

Nilisikiliza irabu ya mwisho, kama nilivyojifundisha. "Nenda" ingeishia kwa "a". Hii ilikuwa "siende", yaani "usiende" iliyomezwa mwanzo. Hapakuwa na namna ya kukosea. Nilitazama ule mchoro mavumbini na nikaanza, kwa dhati kabisa, kupanga jinsi ya kumpigia mwalimu simu. Nakumbuka nilihisi kitu kinachofanana na nafuu, na nikakionea aibu.

Lakini midomo yake ilikuwa bado inatafuta. Safari hii nilikaa. Kuku walipita kati yetu na mchoro. Mkono wake mzima ukainuka polepole, ukaonyesha ukuta, pale nilipokuwa nimetundika vile vipande vitano vya msumeno, vyote magala.

"…la chuma," akamalizia.

Usiende bila chuma.

Nilichagua kile cha mwisho, kilichokuwa na rangi safi kuliko vyote, nikakifunga ndani ya kitambaa. Jopo liliuliza maswali mengi, na la rangi waliliuliza mara mbili, wakipokezana kile kipande karibu na dirisha. Waliuliza pia nani alisimamia moto, nami nikamtaja baba kwa lile neno la Kiborana la mhunzi, kwa sauti ya kawaida, nikaliandika ubaoni ili waone tahajia yake. Ijumaa jioni nilikuwa nyumbani. Mama alisema nimekonda. Nikanawa mikono, nikakitundika kile kipande cha msumeno mahali pake, kisha nikamgeuza baba upande wa kushoto, maana saa yake ilikuwa imefika.